Musituibie kimya: DJ, seben na masikio ya muchimbaji

Siku ya posho iliyopita tulialikwa kwenye arusi ya mutoto wa mwenzetu wa kazi. Chakula kilikuwa kizuri, bukari na samaki na kuku, bibi-arusi alipendeza, wazee walibariki. Kisha DJ akafungua sono. Tangu saa mbili ya usiku hatukusikia tena neno la mutu, isipokuwa mara moja, na ile mara moja tutaisema mwishoni. Mama wa bibi-arusi alisimama kushukuru wageni. Tuliona midomo yake inatembea tu.

Kando ya bafle kubwa alikaa muzee mumoja. Alifanya kazi ya kutoboa mwamba chini ya udongo miaka mingi, sasa yuko pension. Kiti chake alikivuta mwenyewe mpaka karibu na ile bafle. Tukamwendea: "Papa, huku kelele ni nyingi, njoo tukae kule." Akatujibu: "Muniache, batoto. Kule sisikie kitu. Huku angalau nasikia ngoma mu kifua." Mujukuu wake akaja kumuuliza kama anataka maji. Akajibu: "Ndiyo, bamekwisha kulipa." Watu wakacheka. Sisi hatukucheka.

Juu ya ule muzee njo tunaandika leo. Tunataka kuzungumza juu ya muziki, na hasa juu ya kitu kimoja ndani ya muziki ambacho DJ wetu wameanza kukitupa: kimya. Wengine watasema gazeti limekosa kazi, bei ya unga inapanda na wao wanaandika mambo ya kucheza. Tunawaomba musome kwanza mpaka mwisho.

Sirene, kimya, mulipuko

Muchimbaji hahitaji mwalimu wa kumufundisha jambo hili. Siku ya kupiga mine, mambo yanakwenda kwa mupango. Kwanza mashine zinaondoka, moja moja. Kisha watu wanaondoka. Sirene inalia. Halafu kunakuwa kimya. Kila mutu anahesabu moyoni, tumbo linakaza. Kisha udongo unatetemeka na kifua kinajibu. Kama kile kimya kisingekuwapo, ule mulipuko ungekuwa kelele moja katikati ya kelele zingine. Na kama ni raté, kama hesabu imekwisha na kitu hakikulia, hakuna anayepumua vizuri. Boutefeu njo wa kwanza kujua kwamba kazi haijaisha.

Muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa mashine, ule vijana wanaita électro, house ao techno, umejengwa kwa mupango ule ule. Tueleze pole pole, juu wengi wanaucheza bila kujua umeshonwa namna gani.

Ngoma kubwa inapiga sawasawa, katika house kwa kawaida mara 120 mpaka 128 kwa dakika. Watu wanacheza. Halafu yule aliyetengeneza wimbo anaondoa ile ngoma. Anaondoa na besi. Inabaki sauti ya mutu, ao kinanda peke yake. Hapo watu wanapumua, wanatazamana, wanapanguza jasho. Sehemu hiyo tuiite mushuko. Kisha mambo yanaanza kupanda. Ngoma ndogo inaingia: mara moja kwa kila pigo, kisha mara mbili, kisha mara ine, kisha mara nane, mpaka inakuwa kama mvua juu ya mabati. Sauti nyembamba inapanda juu, juu zaidi. Chombo cha kuchuja sauti kinafunguliwa kidogo kidogo: muziki uliokuwa kama unatoka nyuma ya ukuta wa jirani unakuwa kama mulango umefunguliwa. Sehemu hiyo tuiite mupando. Mwishoni, kwa pigo moja tu, yote inanyamaza. Halafu ngoma kubwa na besi vinarudi pamoja, na uwanja unalipuka.

Kwa mwendo wa mapigo 128 kwa dakika, mushuko wa mapigo 64 unachukua sekunde 30. Ni kidogo sana. Lakini zile sekunde 30 njo zinafanya kazi yote.

Na hii si maneno ya baa. Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, kule Montreal nchini Kanada, walitangaza matokeo ya kupima ubongo wa watu waliokuwa wanasikiliza muziki wanaoupenda. Waliona kwamba dopamine, ile dawa ambayo ubongo unajitengenezea wenyewe wakati wa raha, inatoka katika sehemu mbili mbalimbali: sehemu moja wakati mutu anangojea pahali anapopapenda katika wimbo, na sehemu ingine wakati pahali pale panapofika. Maana yake, kungojea ni raha yenyewe, si bei ya raha. Mama yeyote aliyepika sombe anajua: harufu kwenye mulango ni nusu ya chakula.

Ulitoka kwa watu wa kazi

Kuna wanaofikiri huu muziki ni mali ya matajiri wa Ulaya wanaocheza kando ya bahari. Hapana. Mizizi yake iko katika miji ya kazi ya Marekani, na sehemu kubwa yake ni kazi ya watu weusi.

Mwaka wa 1974, kule New York, mutu wa sauti aitwaye Tom Moulton alikuwa anarefusha wimbo wa Don Downing, Dream World, ili watu wapate muda wa kucheza. Akakutana na shida. Wimbo ulikuwa unapanda kwenye funguo ya juu, na yeye hakuweza kuurudisha kwenye ile ya chini bila masikio kukwaruzika. Akafanya nini? Akaondoa vyombo, akaacha ngoma peke yake kwa muda, ili masikio yasahau ile funguo. Kisha akarudisha muziki. Alikuwa anaziba kosa, kama fundi anayeziba bomba. Lakini kile kiraka kikawa mutindo.

Mwaka wa 1977 Frankie Knuckles, mutoto wa Bronx, alihamia Chicago kupiga sahani katika nyumba moja ya kucheza iliyoitwa Warehouse. Jina la house linatoka pale. Inasimuliwa kwamba alikuwa anazima taa zote na kupitisha sauti ya treni katika bafle, mpaka watu wanaona kama treni inawapita katikati. Na karibu na Detroit, muji wa viwanda vya magari, vijana watatu weusi waliosoma pamoja kule Belleville, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walitengeneza techno katika miaka ya 1980, wakati viwanda vile vilikuwa vinapunguza watu. Mashine walizotumia wengi wao zilikuwa okazyo. Ile ya Kijapani iitwayo Roland TB-303 ilitengenezwa ili kushika pahali pa mupiga besi. Sokoni ikashindwa, bei ikaanguka. Vijana wa Chicago walioitwa Phuture wakaichukua, wakazungusha vifungo vyake namna ambayo hakuna aliyewafundisha, ikatoka Acid Tracks mwaka wa 1987. Sikilizeni ile kazi: dakika zaidi ya kumi, na karibu yote ni kupanda na kushuka, kifungo kimoja kinafunguliwa, kinafungwa.

Muji wa kiwanda kimoja, kiwanda kikikohoa muji muzima unaugua. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa. Wazee wetu walisema kazi njo baba, njo mama, na waliona siku ambayo baba na mama waliondoka pamoja. Kwa hiyo ule muziki si mugeni kwetu. Ni wa ndugu zetu wa mbali.

Na sisi tulikuwa nao mbele

Tena, tuseme ukweli: kungojea tulikujua mbele ya zile mashine. Rumba ya Kongo, ile UNESCO iliyoandika mwezi wa kumi na mbili 2021 katika mali ya dunia nzima, imejengwa juu ya kungojea. Wimbo unaanza pole. Muimbaji anamulilia mupenzi wake, wengine wanamusaidia kwa sauti tatu, baba anamushika mama mukono, wanazunguka hapo hapo. Dakika mbili, dakika tatu. Kila mutu pale anajua kitu gani kinakuja. Halafu gita zinageuka, ngoma inabadilisha mwendo, na seben inaingia. Wale waliokuwa wamekaa wanasimama.

Zaiko Langa Langa, waliozaliwa Kinshasa mwaka wa 1969, waliweka kando saksofoni na tarumbeta, wakaleta mbele gita na ngoma, na seben ikapata nguvu mupya. Inasimuliwa kwamba mupiga ngoma wao, Meridjo Belobi, mwendo wake wa cavacha aliutoa katika kelele za magurudumu ya treni. Chicago treni, Kinshasa treni. Na ndani ya seben yenyewe kuna mushuko: gita zinanyamaza, inabaki ngoma na besi, atalaku anapiga makelele yake na kutikisa kopo lake, watu wanainama chini. Halafu gita la solo linarudi. Nani hajapiga kelele pale?

Hata mbele ya hapo, Jean Bosco Mwenda, yule ambaye Hugh Tracey alimurekodi Masanga katika Katanga yetu mwaka wa 1952, alikuwa na gita moja tu, na vidole viwili. Hakuna bafle, hakuna umeme. Lakini alijua kuacha uzi unyamaze ili ule unaofuata usikilike.

Kila kitu mulipuko

Sasa musikie DJ wetu wa leo anafanya nini. Anachukua seben tu. Yale maneno ya mapenzi anayatupa. Kutoka seben moja anaruka kwenye seben ya pili, kisha kwenye kilele cha électro, kisha amapiano ya Afrika ya Kusini, ambayo yenyewe inajua sana kungojea, lakini yeye anaikata mpaka pale besi inapoanza. Hakuna mushuko, hakuna mupando. Ni mulipuko juu ya mulipuko, tangu jioni mpaka asubui.

Sisi tunasema: hiyo si kuongeza raha, ni kuiua. Mulipuko wa kwanza unakusimamisha. Wa pili unakuchezesha. Wa kumi unapita kama gari barabarani. Kisha DJ anaona watu wamepoa, na juu amekwisha kutupa vyombo vyote vya kazi yake, anabaki na kimoja tu: kifungo cha sauti. Anaongeza. Masikio yanazoea. Anaongeza tena.

Yule anayejua kazi hafanyi vile. Anaondoa besi kwa nusu dakika, kisha anairudisha kwa kipimo kile kile, hata kidogo hakuongeza, na watu wanaapa kwamba bafle zimekuwa mbili. Nguvu haikutoka katika sauti. Ilitoka katika tofauti. Ni sawa vile mutu anayetoka chini ya udongo: jua ni lile lile la kila siku, lakini kwake linawaka zaidi.

Na baa zetu zinazidisha shida. Katika avenue moja utakuta baa tatu, kila moja na bafle yake imegeuzwa kuelekea barabara. Wa kwanza anaongeza ili kushinda wa pili, wa pili anaongeza ili kushinda wa tatu. Katikati yao kuna nyumba ambamo mama ana mutoto wa wiki mbili, na baba ambaye saa kumi na moja ya asubui anapaswa kupanda bus ya kazi. Wote watatu wanashindana, na hakuna aliyeshinda. Nyimbo tatu pamoja si muziki.

Sikio ni chombo cha kazi

Hapa njo tunafika kwenye neno lenyewe. Kama tungekuwa makarani, labda tungesema: ni shauri la utamu tu, kila mutu na utamu wake. Lakini sisi ni watu wa mwamba, na masikio yetu ni chombo cha kazi kama nyundo.

Wazee wa chini wanajua. Mbele ya kuingia chini ya dari mupya, unachukua barre, unapiga mwamba, unasikiliza. Mwamba muzima unalia kama kengele. Mwamba uliopasuka unalia kama ngoma tupu. Ule wa pili unauangusha wewe, mbele haujakuangukia. Mutu ambaye masikio yake yameharibika anasikia vyote viwili sawasawa. Tena ba creuseur katika mashimo yao: vichembe vya udongo vinavyodondoka, kamba inayolia, sauti ya mwenzako wa juu anayeita "toka!" Na katika carrière ya wazi, lile gari kubwa la kubeba mawe linaporudi nyuma na kupiga bip yake. Yote hayo yanaingia kwa sikio, na mara nyingi hakuna njia ingine.

Kelele inapimwa kwa desibeli. Kanuni ambayo wataalamu wengi wa afya ya kazi wanafuata ni hii: desibeli 85, saa 8 kwa siku, usipite. Kila unapoongeza 3, muda unakatwa katikati. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91, saa 2. Desibeli 94, saa 1. Desibeli 97, nusu saa. Desibeli 100, dakika 15. Mashine ya kutoboa mwamba inapita 110, njo maana mutu mwenye akili haishiki bila kuziba masikio. Sasa muhesabu wenyewe. Baba ametoka poste, masikio yake yamekwisha kula sehemu yao ya kelele ya siku. Badala ya kuyapumuzisha, anakwenda kukaa saa sita karibu na sono ambayo inapita 100. Asubui anaamka na kitu kinalia ndani ya kichwa kama inzi katika chupa. Anasema ni pombe. Si pombe. Ni sikio linalolia.

Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo ambavyo havionekani kwa macho. Vyenyewe njo vinapokea sauti. Kelele ikivipiga kidogo, vinalala, kisha vinasimama tena kama majani baada ya mvua. Ikivipiga sana na mara nyingi, vinakufa, na kwa mutu vikifa haviote tena. Hakuna dawa ya hospitali wala ya kienyeji itakayovirudisha. Ule muzee wa arusi, yake vilikwisha kufa. Hatusemi baa njo iliviua, kazi ilitangulia. Lakini baa ilimalizia.

Mwaka wa 2022 Shirika la Afya la Dunia lilitoa kanuni kwa pahali pote pa muziki. Kiasi cha sauti kisipite desibeli 100 kwa wastani. Kuwe mutu wa kupima. Kuwe pahali pa kimya ambapo mutu anaweza kwenda kupumuzisha masikio. Wageni wapate vya kuziba masikio. Musione kama ni mambo ya wazungu. Kule kwao mutu wa ofisi anaingia kwenye muziki na masikio ambayo yalikuwa yanasikia karatasi mchana kutwa. Sisi tunaingia na masikio yaliyotoka kwenye mwamba.

Tusidanganyane: sekunde 30 za mushuko haziponyeshe sikio. Lakini DJ anayejua kushusha na kupandisha hahitaji kupita kipimo. Kimya kinamufanyia kazi ambayo yule mwingine anaifanya kwa kuvunja masikio ya watu.

Tulisikiliza na wengine

Tuliuliza watu mbele ya kuandika. Kijana mumoja wa poste ya usiku alitujibu vile: "Bakubwa, muko nasema muzuri. Lakini mimi nashinda mule ndani juma nzima. Nikitoka nataka kusahau. Sauti ikishuka, mawazo inarudia." Hilo neno hatukulichukua kama muchezo. Tunajua mawazo gani. Deni la duka, mutoto aliyefukuzwa shuleni juu ya minerval, rafiki aliyebaki katika shimo. Lakini tunamuuliza na yeye: kelele isiyopumzika ilimusahaulisha kweli, ao ilimuchosha tu? Hata katika kilio, mama zetu hawalii usiku muzima kwa sauti moja. Wanalia, wananyamaza, mumoja anaanzisha wimbo, wengine wanapokea. Njo vile uzito unabebwa. Mupando wa muziki unafanya kazi ile ile: unakutoa chini pamoja na wengine, wote munangojea pigo moja, wote munashuka nalo. Katika mulipuko usioisha kila mutu yuko peke yake.

DJ mumoja naye alituambia: "Papa, nikishusha, bantu banakaa. Patron anaona viti vimejaa, anakuja kunipigia makelele." Basi neno hili ni la patron. Bwana, anayecheza hanywi. Anayekaa njo anayeagiza. Anayesikia njo anayezungumza, na anayezungumza anaita chupa ya pili kwa rafiki yake. Ukimuondolea mutu nafasi ya kukaa dakika mbili, umeondoa pesa yako mwenyewe.

Kwa hiyo tunaomba

DJ, rudisheni kipande cha mbele. Wacheni rumba ianze mwanzo wake, hata wimbo mumoja kwa saa. Wacheni mushuko wa électro upite muzima, musiukate. Mukiona watu wamepoa, musiguse kifungo cha sauti: ondoeni kitu, mungoje, kisha mukirudishe. Jaribuni siku ya posho moja tu, muone wenyewe.

Wenye baa wa avenue moja, mukutane. Geuzeni bafle ziangalie ndani. Ondoeni viti na meza mbele ya bafle, na mupange kona moja ambako watu wanaweza kuzungumza.

Bamama, ninyi njo munaopanga arusi, na mara nyingi ninyi njo munaoshika avance ya DJ. Mbele ya kumupa, muambieni: saa ya chakula, pole, saa ya shukrani, kimya, watoto wadogo hawakai karibu na sono. Aliyepokea avance anasikiliza.

Wafanyakazi, vile vya kuziba masikio munavyopewa kazini si vya kuchezea. Muvivae. Kama hamupewi, muulize délégué wenu, na muombe masikio yapimwe kama vile mapafu yanavyopimwa. Mukibaki na vipya, jozi moja muiweke katika mufuko wa siku ya posho. Hakuna aibu: anayeziba kidogo karibu na bafle bado anasikia besi, besi inaingia kwa kifua. Ba creuseur, ninyi hamuna patron wa kuwapa, na pamba haitoshi, inazuia kidogo tu. Mutafute vile vya povu laini ambavyo mutu anavifinya na kidole. Ninyi vijana wa écouteur, mukisikia wenzenu pembeni wanasikia wimbo wenu, mumekwisha kupita.

Tumeahidi kumaliza na ile arusi. Karibu saa saba ya usiku, umeme ulikatika. Giza, na kimya. Watu walinung'unika kwanza. Kisha mutu mumoja akawasha simu kutoa mwanga, na mama wa bibi-arusi akasimama tena pale pale. Alishukuru wageni mumoja mumoja, akataja na marehemu mume wake. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika mpaka kwenye mulango. Wanawake wakapokea kwa vigelegele, mutu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, pole, kisha mbio. Umeme uliporudi DJ aliogopa kuunguza vyombo vyake, akafungua chini chini, akapandisha kidogo kidogo. Uwanja wote ukasimama. Ile ngoma ilishinda zote za usiku ule, na haikuwa na nusu ya kelele.

Muzee wetu hakusikia zile shukrani. Hata katika kile kimya, hakusikia. Alikuwa anaangalia midomo ya watu na kucheka pale wanapocheka. Kwake ilikwisha kuchelewa. Kwa mutoto wake aliyeko chini leo, na kwa mujukuu aliyemuletea maji, bado haijachelewa. Tusingojee umeme ukatike ili tupate kimya.